Rangi ya Maziwa

Mumbai, 13 Novemba 1999

Kwa mdogo wangu Indumati,

Nimefika salama. Treni ilijaa watu waliotoka sikukuu kama mimi, kila mmoja na kopo la vitafunwa vya mama yake au dada yake, na mpaka tunaingia Mumbai behewa zima lilikuwa linanuka samli. Vyako havikufika. Nilivimaliza kabla ya Pune, kwa hiyo wifi yako amenuna na mimi nimesingizia wezi.

Ahsante kwa Bhau-beej, sikukuu yetu ya kaka na dada, ya mwaka huu. Uliponizungushia taa usoni na kuniombea umri mrefu, nilimkumbuka mama, na karibu nitoe machozi mbele ya shemeji. Sari umeipenda kweli au ulinipa moyo tu? Wifi yako ndiye aliyeichagua rangi.

Shemeji homa imempungua? Mwambie gari lake la jipu nililiacha kwa fundi matairi pale stesheni kama tulivyopatana, na nililiendesha kwa adabu zote. Kasoro ni pale kwenye geti la ushuru tu. Mikokoteni ya miwa ilikuwa imepangana mpaka darajani, na mimi treni hainisubiri. Nikapita pembeni, nikatoa mkono dirishani na kitambulisho changu cha kazi, boriti ilikuwa imeinuliwa kupisha mkokoteni, nami nikapenya humo humo. Kitu kikagonga juu ya paa, nadhani ni ule mzigo wa miwa ulionifungia ukasogea. Sikusimama.

Usicheke. Najua mimi ndiye niliyeandika rasimu ya sheria hiyo ya ushuru. Lakini mpishi naye huonja.

Kaka yako,
Madhukar


Nimbgaon, 21 Novemba 1999

Kaka Madhukar,

Nakuinamia miguuni. Sari naipenda, mwambie wifi asiwe na wasiwasi.

Barua hii ni ya shida. Gari letu limeingia kwenye kesi. Lilipita getini bila kulipa, keria ya juu ikanasa kamba ya boriti, boriti ikaruka na kumpiga Kerba, yule mlinzi mwembamba anayefuga mbuzi nyuma ya kibanda. Mfupa wa paja umevunjika. Yuko hospitali ya mjini na mkewe analala chini ya kitanda chake.

Watu wa geti walikuja na askari. Namba ya gari wanayo, uso wa dereva hawakuuona kwa vumbi. Na kwa kuwa jipu limeandikishwa kwangu, kwa ule mkopo wa ushirika wa akina mama, barua ya mahakama imekuja kwa jina langu. Imeandikwa kwamba nitaje aliyekuwa akiendesha.

Wewe ndiye unayeijua sheria hii. Niambie mambo mawili tu. Mwenye gari akikaa kimya, inakuwaje? Na huyo dereva akishatajwa akafungwa, anapoteza nini?

Baba Sunita amepona homa. Anakusalimu. Hasemi sana siku hizi.

Dada yako,
Indu


Mumbai, 27 Novemba 1999

Indu,

Nimesoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimempigia shemeji kelele hapa peke yangu ofisini. Mtu mzima, dereva wa siku nyingi, anakimbia ushuru wa bei ya vikombe viwili vya chai! Mimi nilikuwa na haraka ya treni. Yeye ana haraka ya wapi?

Haya, sikiliza. Hicho ni kifungu cha kumi na nne, na nakijua maana nilikiandika kwa mkono wangu. Zamani kila aliyekamatwa alisema gari lilikuwa kwa shemeji, kwa mpwa, kwa jirani, na kesi zikafa. Nikaziba tundu hilo. Sasa mwenye gari ndiye anayehesabiwa kuwa dereva, mpaka ataje jina la aliyeshika usukani. Mtu akiumia, ni jela hadi miaka miwili. Waheshimiwa bungeni walikigongea meza kifungu hicho.

Kwa hiyo ukikaa kimya utafungwa wewe, ambaye hujui hata breki iko mguu gani.

Umeuliza dereva anapoteza nini. Shemeji hatapoteza kitu cha maana. Hakimu akiona ana familia atampa miezi michache, atatoka, ataendesha tena. Mtumishi wa serikali ndiye angeumia, maana huyo anafukuzwa siku hiyo hiyo na pensheni inakwenda na maji. Tushukuru Mungu shemeji si mmoja wetu.

Mtaje, Indu. Najua ugumu wako uko wapi, mke wa kwetu halitaji jina la mumewe. Siku ya harusi shangazi zetu walikuzunguka umtaje mumeo kwa ubeti, ukalimeza jina nusu, na tangu hapo hatujalisikia. Hata mji wa hija huuiti Pandharpur, unasema mji wa Vithoba, kwa jina la mungu wake. Hata neno "jeupe" hulisemi, kwa sababu kwa lugha yetu linaanza kama jina lake! Tulikucheka sana kwa hayo, lakini mahakamani si mahali pa kuona haya. Kama mdomo unakataa, andika.

Nakuona kabisa umekaa kama jiwe mbele ya hakimu. Basi nitakurahisishia. Nitamwandikia mimi.

Kaka yako,
Madhukar


Mumbai, 28 Novemba 1999

Kwa Mheshimiwa Hakimu Ghorpade,

Namaskari.

Mimi ni mwandishi wa rasimu katika idara ya sheria ya jimbo, na ni kaka wa Indumati, mwenye gari katika kesi ya geti la Nimbgaon. Siandiki kuingilia kazi yako. Naandika ili dada yangu asije akafungwa kwa kosa la haya.

Wewe ni mtu wa huku kwetu, huhitaji kufundishwa. Mwanamke wa kijijini hutaja jina la baba, la kaka, la mwana, la mtu yeyote. Jina moja tu ndilo halitoki mdomoni mwake. Akiulizwa nani aliendesha, naye akainamisha kichwa, basi ameshajibu. Naomba ukimya wake uchukuliwe kuwa ndio utajo unaotakiwa na kifungu cha kumi na nne, na jina la Pandharinath Dhondiba Shelke liandikwe panapostahili.

Ni wako katika utumishi,
Madhukar Bapurao Inamdar


Nimbgaon, 6 Desemba 1999

Kaka,

Umeandika nini? Umeandika nini, wewe mtu?

Jana nilisimama mbele ya hakimu. Kwanza aliniuliza jipu langu ni la rangi gani. Nikasema rangi ya maziwa. Watu wakacheka. Akasema, "Mama, si useme tu ni jeupe?" Nikasema, "Ni rangi ya maziwa, Mheshimiwa." Wakacheka zaidi, hata karani. Mwenye mkokoteni mmoja akaeleza kwamba mkono ulitoka dirishani ukipunga kitu, nacho cha rangi hiyo hiyo, na hakimu akasema huyo dereva alikuwa anawaaga kwa dharau na leso yake.

Kisha akaniuliza nani aliendesha. Nikainamisha kichwa. Nilikuwa nimekwisha amua. Nitanyamaza, na wakitaka kunifunga wanifunge, mama yake Baba Sunita atakaa na mtoto. Hakimu akatabasamu. Akatoa barua yako, akaisoma kwa sauti, ukumbi mzima ukisikiliza. Akasema, "Ameshajibu." Wakamwandika Baba Sunita. Askari wawili wakamshika pale pale kwenye benchi, na ndala moja ikabaki chini.

Nikapiga kelele kwamba si yeye. Hakimu akasema kila mke husema si yeye. Akaniuliza, "Si nani? Mtaje." Nikashindwa, kaka. Wakamtoa.

Sasa nikuulize na mimi. Siku ya Bhau-beej, mume wangu akiwa chini ya mablanketi mawili anatetemeka, ni nani aliyeshika usukani? Nani aliyetoa mkono dirishani? Ule mzigo wa miwa ulifika stesheni ukiwa mahali pake, sivyo? Niliufunga mwenyewe. Haukusogea hata kidogo.

Sikutaka ujue. Barua yako ya kwanza ilipofika, askari walikuwa wameshakuja, na Baba Sunita aliisoma akaikunja akasema, "Tusimwambie. Ana kazi ya serikali, ana mabinti wawili." Ndiyo maana nilikuuliza dereva anapoteza nini. Ukanijibu vizuri sana.

Jina la kaka si mwiko kwangu. Ningeweza kulitaja jana, mara mia. Nilinyamaza kwa ajili yako, na wewe ukaja kuwaeleza ukimya wangu una maana gani.

Sema kitu. Kesi inasikilizwa tena tarehe ishirini.

Indu


Nimbgaon, 13 Desemba 1999

Kaka,

Hujajibu. Nimepiga simu ofisini kwako kutoka kibanda cha simu. Wanasema mmehamia Nagpur kwa kikao cha bunge cha majira ya baridi na barua zinawafuata huko. Hii nimeandika anwani ya Nagpur.

Kerba wamemkata mguu. Nilikwenda hospitali na uji. Mkewe hakunifukuza, na hilo ndilo lililoniumiza. Alipokea bakuli, akaniuliza, "Mumeo ana nini na mume wangu? Walikuwa wanakunywa chai pamoja." Nikakaa naye mpaka nikakosa basi.

Baba Sunita nilimwona rumande kupitia wavu. Ameota ndevu. Bado ananikataza. Anasema, "Mimi ni dereva tu, jela hainitoi cheo. Mwache kaka yako." Akaniuliza kama injini inawashwa asubuhi ili betri isife. Nikamwambia inawashwa. Nani aiwashe?

Nasikia mkandarasi wa geti anataka jipu liuzwe alipwe hasara. Tukimpoteza Baba Sunita na gari, tumekwisha.

Niandikie. Hata kama ni kunitukana.

Indu


Nagpur, 17 Desemba 1999

Dada yangu mpendwa,

Nimezipata zote mbili siku moja. Usidhani nilikaa kimya kwa makusudi. Tangu nizisome sijalala, na machungwa ya Nagpur yamejaa mezani hata moja sijamenya.

Nimefikiri kwa utulivu. Naomba na wewe usome kwa utulivu.

Kwanza, sikukusudia. Boriti ilikuwa juu. Kama kamba yao ilining'inia vibaya, hilo nalo ni kosa la geti. Pili, hakuna aliyeuona uso. Tatu, kesi imeshachukua njia yake, na tukiigeuza sasa itaonekana sote tulidanganya, pamoja na wewe. Nitamwekea shemeji wakili mzuri, nitalipa mimi. Nitamtunza Kerba, nitamtumia kitu kila mwezi bila jina. Miezi sita, Indu. Labda minne. Mimi nikitajwa ni maisha yote. Posa ya mwanangu Vaishali imeshaletwa, wakwe wanakuja Januari. Unajua watu wa kabila letu walivyo, nani ataoa kwa mfungwa?

Shemeji mwenyewe amekubali. Huo ni ukubwa wa moyo wake, tusiuharibu.

Barua zangu zichome, ile ya kwanza hasa. Na usilitaje jina langu. Nakuomba kwa ile taa uliyonizungushia.

Kaka yako,
Madhukar


Mahabusu ya wanawake, 21 Desemba 1999

Kaka,

Wamenipa karatasi moja, nitafupisha.

Jana ukumbi ulijaa. Habari ya rangi ya maziwa ilikwisha enea, wanawake walikuja kutoka vijijini kunitazama. Nilivaa sari yako. Baba Sunita alikuwa upande wa pili kati ya askari wawili, ananikonyeza ninyamaze.

Hakimu akasema, "Mama, una la kuongeza kabla sijahukumu?" Nikasema ninalo, ila silijui kulisema kavu kavu, nitalisema kwa ubeti, kama tunavyosema sisi. Akaniruhusu, nadhani alitaka kicheko kingine. Nikajifunika kichwa nikasema:

"Miwa yetu imevunwa, sukari yajaa ghala,
Namtaja Pandharinath, siku ile alilala."

Wanawake wakapiga vigelegele, halafu wakaelewa, wakageuka wote kumtazama. Baba Sunita alifunika uso kwa mikono. Hajawahi kulisikia jina lake kutoka kwangu, kaka. Miaka yote hii nilimwita "sikiliza" na "hee wewe". Na mara ya kwanza anayolisikia, yuko kati ya askari.

Hakimu akalifikiria hilo. Akasema, "Mwanamke wa hapa halitaji jina hilo kwa ajili ya uongo." Akamwita mganga wa zahanati, naye akaapa kwamba jioni ile alimchoma sindano kitandani. Wakamfungua.

Kisha akauliza, "Basi aliendesha nani?"

Nikainamisha kichwa. Safari hii hakuna aliyejua ukimya ule ni wa nani. Hakimu akaipekua barua yako, haikumsaidia. Akasema sheria haimwachii njia, kwamba mwenye gari asiyetaja ndiye dereva. Akauliza kama najua kuendesha. Nikasema sijui. Ukumbi ukacheka tena, lakini yeye hakucheka. Akaandika jina langu. Hukumu ni tarehe ishirini na nane.

Kwa hiyo kifungu chako kimefanya kazi yake. Umeziba tundu vizuri, na aliyekutwa ndani ni mimi.

Umeniomba kwa taa, nami sijakutaja. Sitakutaja. Ila taa ile si ya kaka peke yake. Mimi naomba umri wako, na wewe unaweka ahadi kwamba nikipata shida utakuja. Ahadi uliitoa mbele ya picha ya mama, ukiwa na mchele wa baraka kwenye paji la uso. Au hiyo nayo ilikuwa haraka ya treni?

Nina hasira na wewe, na bado nakupenda, na sijui nifanye nini na hivyo viwili humu ndani. Sunita ameambiwa nimekwenda hija, mji wa Vithoba. Pandharpur. Sasa naweza kulisema.

Barua zako sikuzichoma. Za kwako huwa sizichomi.

Indu


Nagpur, 24 Desemba 1999

Kwa Mheshimiwa Hakimu Ghorpade,

Namaskari.

Katika barua yangu ya tarehe 28 Novemba nilikueleza maana ya ukimya wa dada yangu. Nilikosea. Nilidhani najua jina ambalo mwanamke wa kwetu hawezi kulitaja. Sikujua kuna jina ambalo anaweza kulitaja wakati wowote, akalishikilia tu mdomoni kwa mapenzi, mpaka limpeleke jela.

Kwa mujibu wa kifungu cha kumi na nne natoa utajo ufuatao. Mwenye gari hakuendesha. Mume wake, Pandharinath Dhondiba Shelke, hakuendesha. Jioni ya Bhau-beej gari hilo liliendeshwa na mimi, kutoka Nimbgaon hadi stesheni. Kile nilichopunga dirishani hakikuwa leso, kilikuwa kitambulisho changu cha kazi, ambacho hakimpi mtu ruhusa ya kupita bila kulipa. Hilo pia nililiandika mimi, kifungu cha tisa. Nilisikia kishindo na sikusimama.

Kitambulisho hicho nimekikabidhi asubuhi hii kwa mkuu wangu. Wazazi wa kijana aliyemposa binti yangu nimewaandikia pia, wasije wakasikia kwa watu.

Nimekata tiketi ya treni ya jioni. Nitateremka stesheni ile ile na kuja kwa miguu, nipitie hospitali kwa Kerba kwanza, kisha kwako. Sitakimbia, wala sihitaji kutumiwa askari.

Nina ombi moja, si la kisheria. Tafadhali mfungulie dada yangu kabla sijafika. Nikimkuta ndani sitaweza kumtazama.

Dereva,
Madhukar Bapurao Inamdar